Sukre Waliyoikataa Sisimizi

Kwa miaka ishirini na miwili Kambale Wenceslas alilipwa kwa kutoamini watu. Alikuwa kontroleri, mkaguzi wa chupa, katika depo moja ya vinywaji mjini Goma, upande wa Birere. Wenye buvette, vile vibaa vidogo vya mitaani, walirudisha kreti wakidai chupa ni mbovu: hii haina gesi, hii ina uchafu, tubadilishie. Wengine walikuwa wamekwisha kunywa nusu, wakajazia maji ya rangi na kubana kizibo upya. Wenceslas aliinua chupa kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye meno ya kizibo, kisha akaweka tone moja ulimini.

"Hii iko na maji ya ziwa ndani," alikuwa akisema. "Rudisha kwako, mama. Salimia bwana yako."

Hakukosea, au angalau hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba alikosea. Na kwa kuwa siku nzima alionja, alizoea. Alipostaafu akiwa na miaka sitini na moja, alirudi nyumbani kwake Mabanga na mazoea yale yale: chupa moja ya sukre asubuhi, moja mchana, moja jioni. Soda zote Goma huitwa sukre, lakini yeye alikuwa na yake, Soleya ya chungwa, ya chupa ya kioo. Nyingine zote aliziita maji ya kuoshea kreti.

Mwaka wa pili wa kustaafu alianza kuamka mara tano kwenda chooni, na kiu yake haikuisha. Mkewe, Kasoki Micheline, alimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi Mbarushimana, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimchoma kidole, akatazama mashine, akamwonyesha: 286.

"Muzee, hii ni diabete, ugonjwa ya sukari. Utameza dawa, na ile sukre unaacha leo. Haiko kesho."

Wenceslas alimtazama namna alivyokuwa akiwatazama wenye buvette. "Na dawa inauzwa wapi?"

"Hapa kwetu."

"Nilijua."

Njiani alimwambia mkewe kwamba kila kituo kina ugonjwa wake kinachoupenda, kulingana na dawa iliyojaa kwenye kabati. Karatasi aliyopewa, yenye orodha ya vyakula, aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Vidonge alimeza siku alizokumbuka. Soleya iliendelea kuwa tatu kwa siku.

Micheline hakubishana. Watu wa Mabanga walimjua kama mwanamke asiyepandisha sauti. Walikuja Goma pamoja kutoka Butembo wakiwa bado vijana, wakapata mtoto mmoja, Luc, ambaye sasa anafundisha shule huko Beni. Kila asubuhi Micheline alikaa kwenye kona ya avenyu yao na beseni la mandazi na sufuria la uji wa soya. Waendesha moto, yaani pikipiki za abiria, mafundi na wasichana wa shule walikula kwake kabla jua halijapanda juu ya kuta za mawe meusi. Alikuwa mtu wa kazi yake tu.

Mwezi wa sita, chupa ikaanza kuja mezani ikiwa imefunguliwa.

Kwetu hilo si jambo dogo. Kivu nzima hakuna asiyekuwa na habari ya mtu aliyekunywa kitu kwenye matanga au kwenye harusi, akarudi nyumbani kufa. Ndiyo maana chupa hufunguliwa mbele ya mnywaji, hata akiwa ndugu. Micheline mwenyewe, kwa miaka thelathini na minne ya ndoa, alileta chupa yenye kizibo chake na kifungulio juu ya kisahani.

"Mama Luc, kifungulio kiko wapi?"

"Kimevunjika. Nimefungua na kijiko, kule jikoni."

Wenceslas alikunywa. Mwanzo ulikuwa ule ule wa siku zote. Lakini baada ya kumeza, kitu kilibaki kwenye shina la ulimi, utamu fulani mwembamba, mkavu, kama wa mtu aliyenyonya ufunguo. Alisubiri uondoke. Haukuondoka. Alipomaliza kula fufu na sombe, utamu ule ulikuwa bado umekaa pale pale.

Alinyanyua chupa akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Ilikuwa chupa halali, rangi halali. Gesi tu ilikuwa imelegea.

Siku zilizofuata alianza kazi yake ya zamani bila mshahara. Alinunua kifungulio kipya akakiweka mezani. Kesho yake chupa ikaja wazi vile vile, na Micheline akasema alikuwa amekwisha kuizoea njia yake ya kijiko. Wenceslas alimsikia akizungumza kwenye simu nyuma ya nyumba kwa Kinande, lugha ya kwao, sauti ya chini: "Ndiyo, anakunywa tu. Hajatambua." Wenceslas alipotokea, mkewe akakata simu akasema alikuwa Luc. Wenceslas alipima suruali yake kiunoni, ikamzidi kwa vidole viwili. Kichwa kilimuuma alasiri. Usingizi ndio uliokuwa mzuri kuliko zamani, lakini nani anayehesabu mambo mazuri akiwa anatafuta mabaya?

Kisha siku moja alimwaga. Glasi ilimponyoka kwenye ngazi ya mlango, pale ambapo kwa miaka tone lolote la Soleya lilileta sisimizi mstari mzima kabla hujatafuta kitambaa. Wenceslas alikaa kwenye kiti akangoja. Sisimizi walikuja. Wa kwanza alifika ukingoni mwa unyevu, akagusa, akageuka. Wa pili vile vile. Kinywaji kilikauka juu ya saruji bila hata kunata. Aliweka kidole: pakavu, laini.

Aliwahi kuona chupa za kila namna ya udanganyifu, lakini hakuwahi kuona sukre ambayo mdudu anaikataa.

Jioni ile alikunywa glasi yote mbele ya mkewe, kwa sababu hakujua angesema nini kama asingekunywa. Micheline alimtazama mpaka tone la mwisho. Hilo nalo alilihesabu.

Jumanne alikwenda kwa Honoré, mwenye kiosk karibu na njia wanapopita waendesha moto. Honoré alikuwa kijana wake wa zamani wa depo, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Wenceslas alikaa kwenye kreti, akasubiri wateja waishe.

"Honoré, nikuulize. Sukre ambayo sisimizi hawagusi, unaona iko nini?"

"Iko wapi hiyo?"

"Kwangu."

Honoré aliacha kupanga sabuni. "Nani anakupatia?"

Wenceslas alitazama suruali yake, mshipi uliokuwa umevutwa hadi tundu jipya alilolitoboa kwa msumari. Honoré naye alitazama.

"Yesu," alisema Honoré. "Mama Luc?"

"Sijasema hivyo."

"Hapana, hujasema."

"Inaacha kitu hapa." Aligusa koo. "Nimeonja vinywaji maisha yangu yote, hii sijawahi kuonja. Kuko sukre mupya zimetoka? Katika depo ya sasa wanaleta nini?"

Honoré alifikiri. Alisema siku hizi Soleya iko ya namna tatu: ya kawaida, ile wanaita Légère, yenye sukari iliyopunguzwa, na Zéro, isiyo na sukari kabisa. Mabanga haziuzwi, hakuna anayezitaka. Ziko Himbi, kwenye maduka makubwa, ambako watu wa maofisi na mashirika wananunua. Jumamosi alikuwa na safari ya huko, angeleta.

"Leta," alisema Wenceslas. "Na hii maneno ibaki hapa."

"Muzee, unanijua."

Alimjua, na hapo ndipo alipopaswa kuwa mwangalifu.

Jumamosi asubuhi alifika na kichupa kidogo cha plastiki mfukoni, kilichojaa kinywaji cha nyumbani cha jana yake jioni. Honoré alikuwa amefika mapema na Soleya zake tatu. Wenceslas alimwamuru amimine nyuma ya pazia, katika vikombe vitatu vinavyofanana, asimwonyeshe chupa. Alisukutua kinywa kwa maji mara mbili, akafunga macho, akaanza na kikombe cha kushoto.

"Hii ni ya kawaida," alisema mara moja. "Inakuja yote kwa mara moja, inakaa katikati ya ulimi, nzito, halafu inashuka. Koo inabaki inataka ingine."

"Njo yenyewe, ndiyo hiyo," alisema Honoré nyuma yake.

Cha pili alikirudia mara tatu. "Hii inafanana na ya kwanza, ila iko nyembamba. Sukari iko, ya kweli, lakini haitoshi kufika mwisho. Wameongeza kitu kingine pale sukari ilipochoka. Kidogo tu. Mutu asiyejua atasema ni barafu iliyeyuka ndani." Alikiweka chini. "Hii ni ile Légère. Mimi singeikataa sana. Iko na aibu, lakini si mwongo."

Cha tatu alikinywa, akabaki amekishika.

"Muzee?"

"Ngoja."

Utamu ulichelewa kufika. Alimeza kwanza, akabaki na uchungu mdogo wa ganda la chungwa na gesi, ndipo utamu ukaja, mkali, mkavu, ukaenda moja kwa moja kwenye shina la ulimi ukaketi. Alihesabu hadi sitini. Ulikuwa bado pale. Alifungua macho, akatoa kichupa mfukoni, akanywa kinywaji cha nyumbani juu yake.

Mwanzo wa kile cha nyumbani ulikuwa wa sukari halisi, mfupi. Mwisho wake ulikuwa huu wa kikombe cha tatu, bila tofauti hata ya unywele. Alirudia. Alichukua kikombe kitupu, akamimina kidogo cha kawaida, akaongeza Zéro, akaonja, akaongeza tena, akaonja tena, akiinamia kikombe kama siku zile za depo mwenye buvette anapotetemeka mbele yake. Mara ya nne alipata.

"Moja ya kawaida kwa tisa ya Zéro," alisema. "Anachanganya. Anamimina kwenye chupa ya kioo, njo sababu gesi imelegea. Na sisimizi, wanataka sukari, na iko kidogo sana! Honoré, haiko sumu. Ni Zéro. Yule mwanamke ananinyima sukari miezi miwili kwa mukono yangu mwenyewe!"

Alicheka kwa sauti, nusu furaha, nusu hasira. Aligeuka akamkuta Honoré ameshika pazia, hacheki.

"Muzee, mimi nilikuwa na uoga kwa ajili yako."

"Uoga gani?"

"Nilimwambia bibi yangu wa nyumbani tu. Na yeye... Na wale vijana wa moto walisikia. Walisema nini, sijui. Lakini tangu juzi watu hawanunui kwa Mama Luc. Nilidhani unajua."

Wenceslas hakujua. Kila asubuhi mkewe aliondoka na kurudi, naye alikuwa bize kumchunguza hata hakumtazama.

Aliondoka kiosk bila kuaga. Alipita kwenye kona ya avenyu. Benchi lilikuwa tupu, saa tatu haijafika. Nyumbani alimkuta Micheline amekaa kwenye kigoda uani, beseni miguuni limejaa mandazi, kitambaa hakijaondolewa. Mbele yake alikuwa amesimama jirani yao Apolline, mikono kifuani, akilia.

"Mie nimeona afadhali nikuambie," Apolline alikuwa akisema. "Wanasema unamuwekea Muzee sumu ndani ya sukre. Wanasema anakauka, hata sisimizi wanakimbia. Jana vijana walikaa pale kwa mawe wanasema waje wakuulize. Unajua namna wanauliza. Lala kwangu leo, Kasoki, nakuomba."

Micheline alimwona mumewe mlangoni. Wenceslas alisema baadaye kwamba kama angemtukana, ingekuwa rahisi.

"Papa Luc, nani aliona sisimizi?"

Ua ulikuwa mdogo. Hapakuwa na pa kugeukia.

"Ni mimi."

"Ulimwambia nani?"

"Honoré."

Apolline alijifuta macho kwa kitenge, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Hukuniuliza miye," alisema Micheline. "Ulimuuliza Honoré."

"Ulinidanganya! Kifungulio hakikuvunjika. Unanimiminia kinywaji cha watu wa Himbi katika chupa yangu, unanitazama ninameza..."

"Ndiyo, nilikudanganya. Nakwenda Himbi kwa miguu kila Ijumaa, natafuta ile ya Zéro. Nilianza na kijiko kimoja kwa chupa. Halafu viwili. Nilingoja ulimi yako isitambue. Luc njo alinifundisha namna ya kufanya." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ndiyo maana ilikuwa ngumu kuisikiliza. "Papa yangu walimukata mguu kule Butembo kwa hii diabete, ulikuwepo, ulimshika bega. Karatasi ya dokta ukaweka chini ya meza. Ningefanya nini? Lakini mie nilikudanganya ndani ya nyumba. Weye umenichoma mbele ya kartier, mtaa muzima."

Alinyanyuka, akafunika beseni vizuri, akaingia ndani. Apolline alijifunga kitenge upya, akamwacha Wenceslas uani peke yake.

Siku ile Wenceslas alikwenda mlango kwa mlango. Alianza kwa mkuu wa avenyu, akamweleza yote, hata sehemu ya suruali. Akaenda kwa vijana wa moto pale kwenye mawe. Wawili walicheka. Mmoja, kijana mrefu aitwaye Hitimana, hakucheka.

"Muzee, labda amekulazimisha useme hivi. Mutu aliyepewa dawa anasema chochote."

Wenceslas alielewa vizuri sana. Yeye mwenyewe, juma lililopita, angesema vile vile.

Jumatatu alfajiri alibeba beseni mwenyewe. Micheline alitembea nyuma na sufuria la uji, hatua kumi, kama watu wasiojuana. Kwenye kona alipanga benchi, akaweka meza ndogo, na juu ya meza chupa tatu za Soleya alizokwenda kuzinunua mwenyewe Himbi. Watu walipita wakitazama pembeni. Alimega andazi la kwanza, akala. Akanywa uji kikombe kizima. Kisha akaanza kuita kama muuzaji wa dawa za panya.

"Hitimana! Kuja hapa. Unasema unajua sukre? Funga macho. Niambie ipi iko na sukari, ipi haiko, ipi ni nusu. Ukipata zote, utakula mandazi bure juma nzima."

Hitimana hakutaka, lakini wenzake walimsukuma. Alifungua chupa mwenyewe. Wenceslas alisisitiza hilo mbele ya wote, akanywa wa kwanza kutoka kila moja. Kijana alionja, akasema ya Zéro ndiyo yenye sukari nyingi kuliko zote. Watu wakacheka. Mwingine akaomba zamu, akakosea. Msichana wa shule, Igihozo, alipata mbili. Fundi wa viatu aliitemea Zéro chini akasema ina ladha ya betri. Mwenzake akasema yeye anaipenda, haimwachi na kiu. Wakabishana. Wenceslas alielekeza kidole chini, pale fundi alipotema, na pale Hitimana alipomwaga tone la kawaida. Sisimizi walikuwa wameanza kukusanyika kwenye moja tu.

"Mmeona? Hawaogopi sumu. Wanafuata sukari kama mimi. Bibi yangu aliniachisha. Mimi nilikuwa mujinga, nikasema maneno bila kumuuliza. Semeni hivyo popote mliposema ile ingine."

Micheline alikuwa akikoroga uji. Hakuinua kichwa. Hitimana alinunua mandazi mawili asubuhi ile; kama aliyala, hakuna aliyeona.

Wateja walirudi kwa vipande. Waendesha moto kwanza, kwa kuwa njaa yao haina subira. Wasichana wa shule wakafuata. Baadhi ya akina mama hawakurudi kabisa, na hata leo wako wanaovuka upande wa pili wa njia wakifika pale kwenye kona. Neno likishatoka Mabanga halina mwenyewe wa kulirudisha.

Nyumbani mambo yalikwenda polepole zaidi. Micheline alipika, akafua, akajibu alipoulizwa. Zaidi ya hapo hakuna. Wenceslas alijaribu kila kitu. Alitoa karatasi chini ya mguu wa meza, akaisoma, akaibandika ukutani. Alimeza vidonge mbele yake. Ya kawaida aliiacha. Zéro alijaribu kuinywa kwa juma zima, akashindwa. Alisema hawezi kukaa na mgeni mdomoni siku nzima. Akachagua Légère, moja Jumapili baada ya misa, na siku nyingine maji. Hakuipenda. Aliinywa akilalamika, kila mara akieleza mahali hasa sukari inapochoka.

Mwezi wa tisa walikwenda pamoja kituoni. Mbarushimana alimchoma kidole, akatazama mashine, akaifuta, akarudia.

"148. Muzee, umefanya nini?"

"Uliza bibi yangu," alisema Wenceslas. "Mimi nilikuwa upande wa adui."

Muuguzi alimgeukia Micheline. Yeye akasema tu kwamba muzee amejaribu, na kwamba wangetaka vidonge vya mwezi mmoja. Walirudi kwa miguu. Karibu na soko Micheline alisimama kununua mboga za lenga-lenga, akamkabidhi mumewe fungu abebe, bila kusema abebe.

Jumatano iliyofuata Micheline alirudi kutoka kwenye kona mapema kuliko kawaida. Wenceslas alikuwa uani akitengeneza kigoda. Alisimama haraka, akidhani kuna shida.

"Zimeisha," alisema Micheline. "Mama Uwamariya wa pale juu amerudi. Amechukua kumi, hakuniangalia, lakini amechukua." Alitua beseni, akanyoosha mgongo. "Ameniuliza kama ile sukre yako ya nusu inapatikana Himbi tu. Bwana yake naye ameanza kuamka usiku."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia akuulize weye. Unajua maneno ya kuonja kuliko miye."

Wenceslas aliweka nyundo chini, akaenda kunawa mikono, akavaa shati lake la kutokea.